Mate Yako ni ya Ukoo Mzima

Wajukuu zangu mlioko Marekani, nasikia sikukuu zikikaribia mnanunuliana vile vikasha vya kupimia asili. Mtu anatema mate kwenye kichupa, anakipeleka posta, kisha anangoja kuambiwa mababu zake walitoka wapi. Kabla hujatema, nisikilize.

Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata Joseph DeAngelo, mzee wa miaka 72, naye aliwahi kuwa polisi. Alibaka na kuua miaka ya 1970 na 1980, na kwa miongo minne hakuna aliyemjua. Wapelelezi walichukua vinasaba alivyoviacha kwenye tukio moja la mauaji, wakaviingiza GEDmatch, tovuti ambako watu hupakia majibu ya vikasha hivyo ili watafute ndugu zao. Yeye mwenyewe hakuwamo. Waliokuwamo ni jamaa zake wa mbali, watu aliochangia nao mababu wa karne ya 19. Kutoka kwa mababu hao wakashuka tawi kwa tawi, kwa vyeti vya kuzaliwa na matangazo ya vifo, mpaka wakabaki na wanaume wachache. Wakamvizia DeAngelo, wakaokota tishu aliyoitupa kwenye taka. Vinasaba vikalingana. Mwaka 2020 alikiri mauaji 13, akafungwa maisha.

Simlilii hata kidogo. Lakini wale jamaa hakuna aliyewauliza. Tena, kabla ya kumfikia yeye, mwaka 2017 msako huohuo ulifika Oregon kwa mzee aliyekuwa akiuguzwa katika nyumba ya wazee, akachukuliwa mate. Hakuwa yeye.

Mtaniambia kampuni zina masharti. Mwaka 2019 GEDmatch ilisema polisi wataona taarifa za waliokubali tu. Mwaka huohuo jaji wa Florida akampa mpelelezi kibali cha kupekua hifadhi yote, waliokubali na waliokataa. Na si polisi tu. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni inayouza vikasha hivyo. Mwaka 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Nywila hubadilishwa. Vinasaba utavibadilishaje?

Halafu kuna ukoo wetu. Mnajua yupo aliyelelewa kama mtoto wa shangazi, na wazee tuliokubaliana kunyamaza bado tuko hai. Kompyuta haina adabu hiyo. Itakuandikia tu kwamba fulani ni ndugu yako wa baba mmoja, saa nane za usiku, ukiwa peke yako huko Minnesota.

Sikukatazi kujua asili yako. Ninachotaka ni hiki: mpigie mama yako, uwaulize na ndugu zako, kwa kuwa ukitema wewe tumetema sote. Na aliyekwisha kupeleka aingie kwenye akaunti yake leo, azime ruhusa ya polisi kama ipo, na kama hana haja nayo tena, aombe taarifa zifutwe na mate yateketezwe.