NANI AMLIPE MLEZI?

Huko Kerege, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kina mama huamka kabla jua halijachomoza. Mmoja hukimbilia daladala aende mjini kufua na kupika katika nyumba za watu. Mwingine hujitwika ndoo ashuke pwani kutafuta samaki wa kukaanga. Mwingine hushika jembe. Kila mmoja wao husimama mlangoni na swali lile lile: mtoto nimwache kwa nani? Bibi yu mbali, pengine Songea au Kigoma, maana watu wengi wa Kerege ya leo wametoka pande zote za nchi, wakanunua kiwanja, wakajenga. Jirani naye amekwenda kutafuta riziki. Dada mkubwa yumo shuleni, na huko ndiko anakostahili kuwa.

Mwaka uliopita tulikiona huko kituo kimoja kidogo cha kulelea watoto: chumba cha bati, mkeka, ubao na sufuria ya uji. Mlezi wake alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Alimjua kila mtoto kwa jina lake, aliyekula na asiyekula, aliyekohoa usiku na aliyelala salama. Wazazi walimlipa walichoweza, wengine fedha, wengine ahadi. Asubuhi moja hakufika. Alikuwa amepata kazi ya kuuza duka mjini, penye mshahara wa kila mwezi. Ni nani angeweza kumlaumu? Lakini siku ile mtoto mmoja alibebwa mgongoni na dada yake aliyekosa masomo, na mwingine alifungiwa ndani na kikombe cha maji.

Jambo hili laonekana dogo, lakini latuletea swali kubwa la haki. Je, yafaa fedha ya umma itumike kuwatafuta walezi wa watoto wadogo, kuwafundisha, na kuwalipa hata wakae kazini? Au mzigo huu ni wa wazazi peke yao?

Wako wasomaji wetu watakaosema: mtoto ni wa wazazi wake, Serikali isitie mkono. Hawa wana neno la kweli, wala tusilipuuze. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Katika karne iliyopita dunia iliona tawala zilizotaka kuwafanya watoto kuwa mali ya dola. Kanisa lilipinga, na lilipinga kwa haki.

Walakini kusaidia si kunyang'anya. Baba Mtakatifu Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1931 juu ya mambo ya jamii, alieleza kwamba chama kikubwa kisichukue kazi iwezayo kufanywa na chama kidogo. Lakini kanuni hiyo hiyo yadai kwamba mkubwa amsaidie mdogo atimize wajibu wake, pasipo kumwondoa mahali pake. Mama wa Kerege hakuukimbia ulezi. Anakwenda kutafuta unga wa huyo huyo mtoto aliyemwacha. Akipata mtu mwaminifu wa kumshikia mwanawe hadi jioni, umama wake haukupungua. Wazee wetu walikwisha kulijua hili waliposema: mkono mmoja haulei mwana.

Wengine watasema: ulezi ni upendo, na upendo haulipwi. Neno hili lasikika tamu, nasi tumelisikia hata vinywani mwa watu wema. Basi na tufungue Kitabu cha Kutoka. Binti Farao alipomwona mtoto Musa ndani ya kisafina, alimwita mwanamke wa Kiebrania amnyonyeshee, akamwahidi ujira wake. Mwanamke yule alikuwa mama mzazi wa Musa. Mlezi huyu, basi, alilipwa na nyumba ya mfalme kwa kumlea mwanawe mwenyewe. Je, ujira ule ulipunguza maziwa, au uliharibu upendo wake? La hasha! Alikuwa mtumwa katika nchi ya watumwa, na ujira ule ulimpa nafasi na amani ya kumlea mtoto ambaye amri ya mfalme ilitaka afe. Mwalimu twamlipa, mwuguzi twamlipa, padre naye hutunzwa na waamini wake; wala hakuna asemaye kwamba wito wao umekuwa biashara. Mbona mlezi wa mtoto wa miaka miwili peke yake ndiye tumtakaye aishi kwa sifa?

Sasa tufanye hesabu, maana haki isiyopiga hesabu hugeuka kuwa maneno matupu. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri kuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, na cha yule alalaye huko shilingi 60,000. Tuseme mlezi mmoja ana watoto 15, na zaidi ya hapo hawezi kuwaangalia vema watoto wachanga. Ili apate shilingi 300,000, kila mtoto hana budi kulipiwa 20,000, kabla ya uji, kabla ya kodi ya chumba. Mama mwenye mshahara wa 120,000 na watoto wawili atatoa theluthi ya mapato yake. Hawezi. Basi hulipa 5,000, au hulipa mwezi huu na kuruka ujao, na mlezi hurudi nyumbani na 75,000 au pungufu.

Hapo ndipo penye fundo. Bei anayoiweza mama ni dhuluma kwa mlezi. Na mshahara ulio haki kwa mlezi hauwezekani kwa mama. Hakuna mwovu kati yao. Ni maskini wawili wanaovutana shuka fupi. Wala hakuna mashine itakayopunguza gharama hii, maana mtoto hulelewa kwa mikono na macho ya mtu. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote zimekubali. Mtu akikubali malipo duni kwa kusukumwa na shida, amedhulumiwa. Baba Mtakatifu wa sasa, aliyechaguliwa Mei 2025, alichukua jina la Leo huku akilikumbuka fundisho hilo. Ikiwa wawili hawa hawawezi kutendeana haki kwa nguvu zao peke yao, lazima awepo wa tatu wa kuwasaidia. Naye wa tatu ni jamii nzima, kwa kuwa jamii nzima itavuna kwa mtoto huyo: mkulima, fundi, mwuguzi, baba na mama wa kesho.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vilifungua vituo vya kulelea watoto ili kina mama wapate kwenda shambani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliviwekea vituo vya mchana utaratibu. Tangu mwaka 2016 elimu katika shule za Serikali hutolewa bila ada, kuanzia darasa la awali. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Twaisifu nia hiyo. Hata hivyo, mwalimu wa darasa la awali katika shule ya Serikali hulipwa na Serikali, lakini mlezi wa mtoto wa miaka miwili kwa kawaida hungoja ada ya wazazi. Mwezi Mei 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mlezi wa Kerege alizisikia habari hizo redioni kama mtu asikiavyo ngoma ya kijiji cha pili.

Watu watauliza: fedha itatoka wapi? Swali ni la haki, maana nchi yetu si tajiri. Lakini Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, ukikusudia kufikia wahudumu 137,294. Kwa hiyo imekwisha kukubaliwa kwamba mtu aendaye nyumba kwa nyumba kulinda afya ya jirani zake astahili kufunzwa na kupewa posho. Twauliza tu: je, yule alindaye watoto kumi na watano tangu alfajiri hata jioni ana neno gani la kumnyima? Na tuanze pole pole, katika kata ambazo kina mama wana shida zaidi: mafunzo kwanza, kisha nyongeza juu ya ada ndogo ya wazazi. Ila iwe nyongeza ya kudumu. Marekani ilitoa mwaka 2021 dola bilioni 24 kuviokoa vituo vya watoto. Fedha hiyo ikakoma Septemba 2023, na shida ya mishahara ikarudi mlangoni. Mlezi hakai kazini kwa zawadi ya mwaka mmoja.

Twaomba pia mambo mawili. Kwanza, kamati za wazazi ziwe na sauti katika kila kituo, wazione hesabu na kuwahesabu watoto, ili fedha isiliwe kwa majina ya watoto wasiokuwapo. Pili, mama apendaye kubaki nyumbani na wanawe asisahauliwe. Papa Yohane Paulo II alikumbusha mwaka 1981 kwamba kumlazimisha mama kuwaacha watoto wake kwa sababu ya umaskini ni kosa la jamii. Msaada unaomfaa anayetoka tu, na kumpita anayebaki, una mguu mmoja. Na baba asidhani maneno haya hayamhusu; mtoto ana wazazi wawili.

Mwisho, tusiinyoshee Serikali kidole huku mkono wetu mmoja tumeuficha. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa misheni ile, na masista waliwalea. Mkate wao ulitoka pia katika sadaka za Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, yaani katika senti za watu ambao hawakuwaona watoto wale hata siku moja. Kanisa la pwani hii lilikua kwa fedha za wengine zilizolipia malezi ya watoto. Basi kila parokia yenye shule ya vidudu na ifungue daftari lake, itazame mlezi wake apata nini mwisho wa mwezi. Tukiona haya kulisoma hilo mbele ya waamini Jumapili, tumekwisha kujua la kufanya Jumatatu.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Anayeifanya kazi hiyo astahili ujira wake, na kesho asubuhi mtoto wa Kerege astahili kumkuta mlezi wake mlangoni.