Madeni Yatajwe Mwenyewe Akiwa Hai

Pwani yetu ina desturi ambayo sijawahi kumsikia mtu akiipinga. Jeneza likishawekwa mbele ya safu, kabla ya maiti kusaliwa, mmoja wa warithi husimama na kutangaza: aliyekuwa akimdai marehemu aje kwetu, na awezaye kusamehe asamehe. Nimeisikia kauli hiyo Malindi, Mambrui na Takaungu. Deni lililofichwa miaka nenda miaka rudi hutajwa mbele ya umati, wala hakuna anayecheka. Watu huinamisha vichwa, wenye haki zao hujitokeza, na familia huanza kutafuta namna ya kulipa. Swali langu leo ni hili: kwa nini tunangoja mtu afe ndipo madeni yake yatajwe?

Nauliza kwa sababu ya jirani yangu, mama aliyekuwa akipeleka samaki na mboga katika hoteli za Malindi na Watamu. Alikopa benki akanunua gari la kubebea mzigo, gari lenyewe likawa dhamana. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Aprili kaunti ya Kilifi ikafungwa, mtu asiingie wala asitoke, na hoteli zikatia kufuli. Wanunuzi wakapotea, riba ikabaki. Mama akakopa sacco alipe benki, akakopa chama alipe sacco, akaingia mikopo ya simu alipe chama, na mwisho akabisha kwa shailoki. Miaka ikapita hivyo, deni likilipa deni. Siku aliyoniomba nimsindikize kwa wakili, alikuja na kikapu cha ukindu kimejaa barua, na bahasha nyingi zilikuwa hazijafunguliwa.

Wakili alianza na zile bahasha. Alizifungua moja moja, akazipanga mezani kwa tarehe, ya zamani chini, mpya juu. Moja akaishika kwa muda mrefu kuliko zote. Ilikuwa notisi ya madai chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, na muda wake ulikuwa unakaribia kwisha. Notisi hiyo humpa mdaiwa siku 21. Katika siku hizo anaweza kulipa, kuafikiana na anayemdai, au kwenda mahakamani kuomba itupiliwe mbali iwapo ana sababu. Akikaa kimya hadi siku zipite, kimya chake huchukuliwa kuwa ishara ya kushindwa kulipa, na anayemdai anaweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze mufilisi. Mama alidhani kutoifungua bahasha kunamwongezea muda, kumbe saa ilianza kuhesabu siku alipokabidhiwa.

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa maandalizi ya kwenda kwa wakili ni kazi ya nafsi kabla ya kuwa kazi ya makaratasi. Makaratasi yenyewe si mengi: kitambulisho, mikataba ya mikopo, taarifa za benki na za M-Pesa za miezi ya karibuni, barua za madai, samansi kama umepewa, logbuku, na hati ya shamba au ya nyumba. Ongeza ripoti yako ya mikopo kutoka CRB, ambayo kila Mkenya ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, kwani mara nyingi humkumbusha mtu mkopo wa simu aliokwisha kuusahau. Kisha andika orodha: nani anakudai, kiasi gani, tangu lini, kwa dhamana gani, na nani alikudhamini. Mstari huo wa mwisho usiuruke. Ukifilisika wewe, mdhamini wako wa sacco bado atadaiwa, na ana haki ya kulisikia jambo hilo kwako kabla hajaliona kwenye payslipu yake.

Mama alikuja na orodha, imeandikwa vizuri kwenye karatasi ya daftari la mwanawe. Wakili akaisoma mpaka chini, akamtazama.

“Mama, ndiyo yote haya?”

“Ndiyo yote, mwanangu.”

“Na watu wa nyumbani je? Hakuna unayedaiwa naye kule nyumbani?”

Akanyamaza. Akaurudisha mtandio kichwani, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kaka yake aliuza ng'ombe kule Ganze akampa zile fedha zote, na hakuna hata mtu mmoja nyumbani kwake anayejua. Mumewe hajui, wanawe hawajui. Wakili hakumlaumu. Aliigeuza ile karatasi, akaandika jina la kaka na kiasi, akasema: “Sasa tunaweza kuanza.”

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa wakili methali hii haina mjadala. Unayomwambia ni siri baina yenu, na Sheria ya Ushahidi inailinda siri hiyo. Usipomwambia jambo, siku litakapofichuka mahakamani litakuwa limegeuka udanganyifu, nawe utakuwa umejinyima huruma ya sheria. Ufilisi wa Kenya umejengwa juu ya ukweli. Mwenye kuficha mali anatenda kosa la jinai. Anayemwandikia ndugu shamba upesi upesi ili madalali wasilione, mahakama inaweza kulirudisha. Hata kumlipa kaka kisirisiri huku wengine wakingoja, kama mama alivyokuwa akikusudia, kunaweza kutenguliwa, kwa kuwa wanaodai bila dhamana wanastahili kutendewa kwa usawa.

Kwetu Kilifi kuna jambo jingine la kumweleza wakili mapema, nalo ni ardhi. Wengi tunalima mashamba yaliyoandikwa jina la babu aliyefariki zamani, au tunaishi penye mgogoro wa umiliki usiokwisha. Mwambie wakili kilicho chako kwa karatasi, kilicho cha ukoo, na kilichowekwa rehani. Ardhi iliyo rehani benki hailindwi na kufilisika. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki itoe notisi ya miezi mitatu ya kulipa, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mume au mke. Nimejua familia zilizohama usiku kwa kutishwa tu, ilhali hapakuwa na notisi hata moja.

Hofu nyingine ni jela. Ni kweli mdaiwa anaweza kufungwa jela ya madeni hadi miezi sita. Lakini kabla ya hapo huitwa ajieleze, na mahakama inapaswa kuridhika kwamba ana uwezo na anakataa kulipa, au anataka kutoroka au kuficha mali. Umaskini peke yake si kosa. Ndiyo maana anayekwenda mwenyewe, na hesabu zake mkononi, husimama mahali tofauti na anayesakwa.

Sheria ya 2015 imempa mtu wa aina hiyo njia zaidi ya moja. Mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, asiye na mali ya kuuzwa, anaweza kuomba kwa Mpokeaji Rasmi aingizwe katika utaratibu wa wasio na mali, na baada ya miezi 12 madeni yaliyo chini ya utaratibu huo yakafutwa. Mwenye kipato anaweza kupendekeza mapatano na wanaomdai, akalipa kidogo kidogo chini ya usimamizi wa mtaalamu. Ya mwisho ni kutangazwa mufilisi, na hiyo ni nzito. Mali yako inashikwa na msimamizi, ingawa vyombo vya lazima vya nyumbani na zana za kazi yako huachiwa. Huwezi kusafiri nje ya nchi bila ruhusa, na Katiba haikuruhusu kugombea ubunge wala udiwani hadi uondolewe hali hiyo. Kwa kawaida, ikiwa hapana pingamizi, unaondolewa baada ya miaka mitatu tangu uwasilishe taarifa ya hali yako ya kifedha. Yapo madeni yanayobaki pale pale, kama yaliyotokana na ulaghai na matunzo ya watoto.

Wakili wa kukuongoza achaguliwe kwa makini. Kortini hawakosekani mabroka wanaojifanya mawakili, na mtu aliyebanwa ni windo lao la kwanza. Wakili halali hupata leseni ya kazi kila mwaka, na jina lake linaweza kuthibitishwa kwa Chama cha Wanasheria Kenya. Muulize bila haya: umewahi kushughulikia kesi za ufilisi? Ni njia gani inanifaa, na kwa nini zile nyingine hazinifai? Gharama zote zitafika ngapi, nami nitalipa vipi? Makubaliano yaandikwe, risiti itolewe. Akikuahidi kwamba hakuna utakachopoteza, inuka uende kwa mwingine. Akikudhulumu, ipo Tume ya Malalamishi Dhidi ya Mawakili. Asiye na uwezo kabisa aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Najua kinachowazuia watu si kukosa habari hizi pekee. Ni aibu. Lakini tazama: Agosti 2018 kampuni ya saruji ya ARM, yenye kiwanda kule Kaloleni, ndani ya kaunti yetu hii, ililemewa na madeni ikawekwa chini ya wasimamizi kwa sheria hiyo hiyo ya 2015. Wadai wakazuiwa kuivamia, hesabu zikapigwa, na mwaka uliofuata mali yake ya Kenya ikapata mnunuzi. Hakuna aliyesema wakurugenzi wake wasiingie msikitini au kanisani. Mama wa samaki akitafuta kivuli cha sheria ile ile, tunamnong'oneza mtaani. Haki iliyo heshima kwa kampuni haiwezi kuwa fedheha kwa mchuuzi.

Mama alimwuliza wakili swali ambalo nimeendelea kulitafakari. “Mwanangu, sheria ikinifutia, na kwa Mwenyezi Mungu litakuwa limefutika?” Wakili akamwambia hilo akamwulize sheikh. Mimi nalisema ninavyoamini. Qurani imetenga aya yake ndefu kuliko zote, ya 282 katika Sura ya Baqara, kwa ajili ya kuandika madeni na kuyashuhudisha. Aya mbili kabla yake, Qurani inaagiza aliye na dhiki asubiriwe hadi apate nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Mafundisho hayo yanakwenda pamoja: deni liwe wazi, na mdaiwa asisagwe. Sheria ya ufilisi inaweza kumzuia anayekufukuza, lakini haiwezi kukutolea haki ya mwenzio moyoni mwako. Hakuna sheria inayokukataza kumlipa kaka yako kwa hiari baada ya kuondolewa hali ya ufilisi, wakati biashara imerudi na hakuna mwingine unayempunja. Anayekwenda kwa wakili ili apate pumzi ya kulipa siku moja yuko mbali sana na anayekwenda kutafuta kichaka cha kujifichia, hata kama wote wawili wamejaza fomu moja.

Mama alishauriwa ajaribu mapatano. Gari liuzwe benki ichukue haki yake, na waliobaki wapendekezewe malipo ya kila mwezi kwa kadiri ya anachopata. Lakini kabla ya fomu yoyote kutiwa sahihi, wakili alimpa kazi moja ya kufanya jioni ile ile: amweleze mumewe yote, pamoja na fedha za Ganze. Naungana na wakili huyo. Kama wewe unayesoma umeshikwa pale aliposhikwa mama, andika orodha yako leo, yote, na wa kwanza kuisoma awe yule mnayelala naye nyumba moja. Akishaijua yeye, mbele ya wakili na mbele ya hakimu hutakuwa na la kuficha, na aliyekukopesha atajua anadaiana na mtu mwaminifu.