Sinia Moja

Je, ni anasa mume na mke kwenda kula mkahawani, hali chakula kipo nyumbani? Wengi wetu twasema ndiyo, maana fedha ni chache. Lakini tuwatazame Waethiopia. Baada ya mapinduzi ya 1974 wengi walikimbia nchi yao, na baadhi yao wakafungua mikahawa midogo Nairobi na Washington. Humo injera, mkate mpana wa nafaka iitwayo tefu, hutandazwa juu ya sinia moja, na mchuzi huwekwa juu yake. Wote humega kwa mkono wa kulia. Tena mtu humlisha mwenzake tonge kinywani; desturi hiyo huitwa gursha.

Mume aliyezoea kutengewa chakula peke yake sebuleni, mke akila jikoni na watoto, hawezi kula hivyo bila kumtazama mkewe. Je, hiyo ndiyo anasa? Kama fedha ni za karo, tusiende. Tutandike mkeka, tuweke sinia moja kwetu. Hilo halina bei, nalo tumekumbushwa na wageni waliopoteza kwao.