Mkate wa Safari Ndefu

Somo la juma hili: 1 Wafalme 19:1–9

Eliya alipolala chini ya mretemu hakuomba chakula. Aliomba kufa. Alikuwa amemkimbia Yezebeli hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima. Malaika aliyemjia hakumhubiria wala hakumkemea. Alimgusa, akamwamsha, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi kumlisha mara ya pili, kwa kuwa njia iliyombakia ilizidi nguvu zake. Lile swali la Mungu, anafanya nini mahali pale, lilimfikia huko Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Mwili ulihudumiwa kwanza.

Nimelichagua somo hili kwa sababu msimu huu wazee wengi wa usharika wetu wanakwenda ng'ambo kuwaona watoto na wajukuu, na kwa baadhi yao ndiyo mara ya kwanza kupanda ndege. Tunawaombea, tunawafungia unga wa ulezi na kahawa, lakini kuhusu zile saa nyingi za angani hatuwaambii neno. Wapo hata wanaoona kwamba mto, blanketi na chakula cha ndegeni ni anasa zisizofaa kutajwa kanisani. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya mhudumu wa ndege alikuwa muuguzi. Ellen Church, mzaliwa wa Cresco katika jimbo la Iowa, Marekani, alikuwa muuguzi aliyejifunza pia kurusha ndege. Ndiye aliyeishawishi kampuni ya Boeing Air Transport iwaajiri wauguzi, wawe karibu na abiria wenye hofu na kichefuchefu, na tarehe 15 Mei 1930 akaanza kazi hiyo katika safari ya kwenda Chicago. Ndege za wakati ule ziliruka chini, hewa ikizitikisa vibaya, na watu walitapika sana. Alikuwepo kwa ajili ya wanyonge wa safari, na ningependa kila mhudumu anayesukuma kigari cha chakula leo alijue hilo.

Wengi wa wazee wetu watapitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines, shirika lililoanzishwa mwaka 1945, na ambalo mwaka 2012 lilikuwa la kwanza Afrika kupokea Boeing 787. Ndege hiyo ina jambo linalonigusa kila ninapolifikiria. Uwanja wa Bole uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndege ikifika kimo cha kilomita 12, mitambo yake huisukumia ndani hewa hadi iwe kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800, yaani kama Nairobi. Basi aliyetoka Addis Ababa anapumua kwa urahisi zaidi mawinguni kuliko alipokuwa amesimama ardhini! Nje ya dirisha kuna baridi ya nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, na hewa isiyotosha kumweka mtu hai. Yeye amesinzia, blanketi magotini. Hewa hiyo ya ndani hakuna aliyeiomba, kama Eliya asivyouomba ule mkate.

Huduma nyingine, hata hivyo, humfikia aliyeomba tu, na hapo ndipo wazee wetu wanapoumia. Mama aliyefundishwa tangu utotoni kutosumbua watu hawezi kubonyeza kitufe cha kumwita mhudumu. Wapo waliorudi wakanisimulia kwamba walikataa trei ya chakula wakidhani watadaiwa pesa, wakala mkate walioubeba kwenye mkoba. Wengine hawakunywa maji usiku kucha kwa kuogopa kuuliza choo kiko wapi, na hewa ya ndegeni ni kavu, inakausha midomo na koo. Huo unyenyekevu nauheshimu. Lakini kumwacha mzazi abaki na njaa mbele ya chakula alichokwisha kulipiwa ndani ya tiketi ni kosa letu sisi tuliomsindikiza.

Kwa hiyo, vijana mnaokata tiketi, ombeni kwa niaba yao. Mwenye kisukari aagiziwe mlo wake mapema. Mashirika mengi hutaka taarifa angalau saa 24 kabla ya safari. Upo pia mlo usio na nyama, maziwa wala mayai, ambao ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia wanaweza kuula Jumatano na Ijumaa, siku zao za mfungo. Kiti cha magurudumu kiombwe saa 48 kabla, na semeni wazi kama mzee anashindwa ngazi au anachoka tu kwa mwendo mrefu, maana msaada hupangwa kwa kadiri ya hitaji. Dawa zikae kwenye begi la mkononi. Mwandikieni karatasi yenye jina lake, anakokwenda na namba ya simu ya atakayempokea, pamoja na maneno ya Kiingereza ya kuomba maji na kuuliza choo.

Asiye na kijana wa kumsaidia aje ofisi ya usharika Jumamosi asubuhi na tiketi yake. Tutakaa naye tupige hizo simu.