Joho la Kuvu

Babu yangu alizaliwa Kainam, katika nyumba ambayo mgeni angeweza kuipita bila kuiona. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ndani ya mteremko, wakaziezeka kwa miti na udongo, nyasi zikaota juu ya paa. Wavamizi wa Kimaasai waliokuja kutafuta ng'ombe waliona kilima tu. Watu na mifugo walikuwa chini ya miguu yao. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kuona fahari katika jambo hilo, nami naona fahari mpaka leo. Kujificha si uoga wakati wote.

Ndiyo maana swali hili limenisumbua miaka mingi, ndugu msomaji. Ikiwa kujificha kuliwaokoa wazee wetu, mimi nilikosea wapi?

Mdogo wangu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu saumu, akiishi Katesh, chini ya Mlima Hanang. Mwaka 2009 alianza kuumwa kichwa usiku na mchana, akatapika, akawa anaona vitu viwili viwili. Watu wakasema malaria. Shingo yake haikukakamaa, kwa hiyo hakuna aliyefanya haraka. Alipopimwa maji ya uti wa mgongo, tuliambiwa mambo mawili kwa pamoja: ana virusi vya UKIMWI, na ubongo wake umeingiliwa na kuvu.

Kuvu hiyo huitwa Cryptococcus neoformans. Hukaa udongoni na katika kinyesi cha njiwa; wengi wetu tumeivuta kwa pumzi bila kujua, na miili yetu ikaidhibiti. Mwili uliodhoofishwa na virusi hauiwezi. Kinachoilinda ni joho: ganda nene la utelezi la polisakaridi, yaani sukari nyingi zilizofungamana, na iliyo kuu kati yake ni glukuronoksilomanani. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kummeza adui, hukuta utelezi na kukosa pa kushika. Si hilo tu. Kuvu humwaga joho hilo katika damu na katika maji yanayozunguka ubongo, nalo hufifisha ishara ambazo mwili hutumia kuwaita askari wake. Hata walio tayari damuni hushindwa kutoka katika mishipa kwenda vitani. Ndipo nilipoelewa habari ya shingo. Shingo hukakamaa mwili unapopigana, na mwili wa mdogo wangu ulikuwa umetulizwa.

Je, kuvu ina hatia? Sidhani. Wako wataalamu wanaodhani kuwa joho hilo lilianzia udongoni, kama kinga dhidi ya amiba wanaokula kuvu. Basi ni tembe ya babu, iliyohamishiwa mahali ambapo inaua.

Sasa nije kwangu. Mdogo wangu alinishika mkono akasema, "Kaka, mke wangu asijue." Nikakubali. Nilidhani namfunika aibu. Kila aliyekuja kumjulia hali nilimwambia malaria imepanda kichwani, naye akatulia, akaenda zake shambani. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Shemeji yangu, aliyemwogesha kila siku, hakuwa na sababu ya kwenda kupima. Mgonjwa akafariki wiki ya tatu.

Mtu anaweza kunitetea kwamba siri ya mgonjwa ni yake. Nakubali, wala siwapendi watu wanaotangaza magonjwa ya wenzao mnadani. Tena hata dawa nzuri huweza kudhuru ikija kwa pupa: mgonjwa wa kuvu hii hutibiwa kuvu kwanza, na ARV huanzishwa baada ya wiki 4 hadi 6, maana kinga ikizinduka ghafla huweza kuvimbisha ubongo. Lakini kungoja wiki 4 ni jambo moja. Mimi nilingoja miaka miwili, na hata hapo si mimi niliyesema. Shemeji alipimwa baada ya kuugua kifua.

La ajabu ni kwamba joho lenyewe ndilo linaloisaliti kuvu. Maji ya uti wa mgongo yakichanganywa na wino mweusi, wino haupenyi joho, na kuvu huonekana imezungukwa na duara jeupe. Siku hizi kipo kipimo cha tone la damu kinachotafuta mabaki ya joho lile, nacho huweza kuyakuta wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, uliunganisha kipimo hicho na wahudumu waliowatembelea wagonjwa majumbani katika wiki za kwanza za matibabu. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Niliposoma habari hiyo sikukifikiria sana kipimo. Niliwafikiria wale waliobisha hodi.

Shemeji yu hai, anameza dawa zake, analima mahindi na mbaazi. Mwaka juzi, tukipukuchua mahindi uani kwake, aliniuliza bila hasira, "Shemeji, ulijua?"

"Nilijua," nikamwambia.

Akaendelea kupukuchua. Baada ya muda mrefu akasema, "Aliniogopa mimi, au aliwaogopa watu?"

Nilimtazama mikono. Sikuwa na la kumjibu, na ninapoandika haya bado sina.