Tunapompeleka Mtoto Chuo Kikuu, Tunamtwisha Nini?



Katika familia zetu hapa kambini wako vijana ambao Mungu amewajalia kumaliza sekondari, na sasa wanajitayarisha kwenda Bujumbura kuanza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Ni furaha ya kanisa zima. Wazazi wanatafuta godoro, ndoo, chandarua na sanduku lenye kufuli. Wanahangaikia kitambulisho cha mkimbizi, ruhusa ya kutoka kambini na vyeti vya shule. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini leo napenda tuulizane juu ya mzigo mwingine, ule usioonekana ndani ya sanduku. Tunamtwisha mtoto nini moyoni anapoondoka? Na je, tuna haki ya kumtwisha?

Kwanza tutazame mahali anapokwenda. Chuo Kikuu cha Burundi kilianza mwaka 1964, nacho kina kampasi kadhaa mjini, kama Mutanga, Kiriri na Kamenge. Viko pia vyuo vya binafsi, kama Hope Africa University ya Kanisa la Free Methodist, iliyohamia Bujumbura kutoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtoto aliyezoea shule ambayo mwalimu anamjua mama yake kwa jina, sasa ataketi katika ukumbi wenye mamia ya watu, akisikiliza Kifaransa cha haraka. Siku asipofika darasani, hakuna jirani atakayekuja kuuliza kama ni mgonjwa. Akipanda juu Kiriri ataliona Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya pili milima ya Uvira. Atakuwa anaiona nchi yetu kila siku, wala hawezi kurudi kwao.

Tena masomo yana gharama. Upo msaada wa masomo uitwao DAFI, ambao shirika la UNHCR na serikali ya Ujerumani waliuanzisha mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wakimbizi. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Kwa hiyo familia nyingi zinajikamua zenyewe. Mama anauza ndagala na unga wa muhogo. Baba anauza mabati aliyotunza kwa ajili ya nyumba. Mdogo mtu anaacha shule ili kaka yake aendelee. Hapo ndipo neno "deni" linapozaliwa nyumbani.

Mzigo wa kwanza: deni

Tunasema kwa upendo: "Mwanangu, tumeuza kila kitu kwa ajili yako. Wewe ndiwe utakayetutoa hapa." Mtoto anainamisha kichwa, anasema ndiyo. Sisi tunadhani tumemtia nguvu. Wakati mwingine tumemfunga kamba.

Nimekaa na wazazi waliokuja kugundua kwamba mtoto wao alikuwa ameacha masomo tangu mwaka mzima. Kila likizo alikuja nyumbani na madaftari, akaomba karo, akaombewa kanisani. Wazazi walimwuliza, "Kwa nini hukutuambia?" Alijibu, "Mdogo wangu aliacha shule kwa sababu yangu. Ningewaambia nini?" Kijana huyu hakuwa mwizi. Alishindwa mitihani ya mwaka wa kwanza, jambo ambalo si geni katika chuo chochote, na wengi hurudia mwaka wakaendelea vizuri. Kilichomwangamiza ni kwamba hakuwa na mlango wa kurudia nyumbani akiwa ameshindwa. Binti naye akiwa katika hali hiyo anaweza kukubali fedha za mwanaume asiyemtaka, kuliko kuandika nyumbani kwamba hana kodi ya chumba.

Basi, je, mtoto hana wajibu wowote kwa waliomsomesha? La hasha. Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 7, aliwakemea watu waliotumia sadaka ya hekaluni kama njia ya kukwepa kuwatunza baba na mama. Mtoto anayepata kazi mjini akamsahau mama aliyemwuzia ndagala, huyo amevunja amri ya Mungu. Hatuwezi kuhubiri uhuru wa namna hiyo.

Lakini deni na shukrani ni vitu viwili. Deni lina bei yake, na mwenye kudai ana haki ya kumkamata mdaiwa. Shukrani hutoka moyoni mwa mtu aliye huru, wala haina siku ya kumalizika. Mtoto mwenye shukrani atatutunza hata akiwa mwalimu maskini. Mtoto mwenye deni atatutunza kwa hofu, au atatukimbia kabisa, kwa maana hakuna mdaiwa anayependa kukutana na mdai wake njiani. Tukumbuke pia kwamba hasara zetu, yaani nyumba zilizochomwa, ng'ombe walioporwa na miaka tuliyopoteza, si yeye aliyezisababisha. Tukimdai yeye, tunamdai asiyekopa.

Mzigo wa pili: kisasi

Hapa naomba tusome kwa moyo mtulivu. Kila familia ina siku yake ya machozi. Wako wanaokumbuka Makobola, mwishoni mwa mwaka 1998. Wako wanaokumbuka Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ambapo wakimbizi wenzetu zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa karibu kabisa na Bujumbura. Mtoto wetu akifika chuoni anaweza kupangiwa chumba kimoja na mtoto wa watu tunaowataja kwa sauti ya chini. Tumemwambia nini juu yao?

Chuo kikuu peke yake hakiponyi jambo hili. Mwaka 1972 wanafunzi wa Kihutu wa chuo cha Bujumbura waliondolewa wakapelekwa, na wengi hawakuonekana tena. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni 1995, katika kampasi ya Mutanga, wanafunzi wa Kihutu waliuawa, na miongoni mwa walioua walikuwamo wanafunzi wenzao. Walikuwa wamesoma. Elimu iliwaongezea maarifa, lakini haikuondoa kile walichotoka nacho nyumbani na mitaani.

Lakini tunajua pia habari ya Buta, huko Bururi. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia katika bweni la seminari ndogo, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana wakakataa. 40 waliuawa siku ile. Hawakupewa muda wa kufikiri. Lilikuwa jambo walilokwisha kulitayarisha kabla, kwa maana viongozi wao hawakunyamaza juu ya ukabila. Waliwafundisha kulizungumza jambo hilo waziwazi na kusali pamoja.

Mwingine atauliza, "Basi tuwafiche watoto yaliyotupata?" Hapana. Kunyamaza si kusamehe, na mtoto asiyeambiwa kwao ataambiwa na watu wa njiani. Tumwambie yaliyotokea, mahali na mwaka, na majina ya ndugu zetu waliokufa. Ila tusimpe majina ya kabila zima kama orodha ya adui zake. Habari ya waliokufa ni urithi wake. Chuki yetu si urithi, na hata Mungu hakutuamuru tumrithishe.

Tumpe nini basi?

Katika 1 Samweli sura ya 2 kuna neno dogo ambalo tunalipita haraka. Hana alimtoa Samweli kwa Bwana, akamwacha Shilo. Hakumfuata kumdai wala hakumsahau. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Fikirini, akina mama: mtoto anakua, na kanzu ya mwaka jana haimfai mwaka huu. Hana alipaswa kukadiria upya. Ndivyo inavyotupasa sisi. Kijana atakayerudi likizo ya kwanza hatakuwa yule aliyeondoka. Atakuwa na maswali juu ya imani, labda na maneno mapya yanayotukera. Tusimvalishe kwa nguvu kanzu ya zamani. Tumkalishe, tumsikilize, tujue amefikia kimo gani.

Tena tumwambie habari za Danieli, maana alikuwa kijana aliyehamishwa kwa nguvu kama sisi. Huko Babeli alijifunza elimu na lugha ya Wakaldayo miaka mitatu, wala hakuogopa vitabu vyao. Alijua ni jambo gani hasa asiloweza kulikubali, akalikataa kwa adabu. Wala hakuwa peke yake, alikuwa na wenzake watatu. Mtoto wetu naye asitafute kwanza marafiki wengi. Atafute wawili au watatu wanaosali, wanaosoma na wanaoweza kumwambia ukweli. Na mmoja wao akiwa wa kabila lingine, tumkaribishe nyumbani kwa chakula.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, jioni moja kabla ya safari mkusanye watu wote wa nyumbani, na yule mdogo aliyeacha shule awepo. Mwambieni anayeondoka mambo matatu. La kwanza: tulichotoa tumekitoa kwa upendo, hatukudai. La pili: ukishindwa, rudi utuambie sisi kabla ya mtu mwingine yeyote, na mlango utaukuta wazi. La tatu: mtu yeyote utakayelala naye chumba kimoja, mpe nafasi ya kujulikana kabla hujauliza kabila lake.

Halafu mgeukieni yule mdogo. Kwake yeye hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichopotea. Alitoa miaka yake, na mara nyingi hakuulizwa. Haki ya huyu haimhusu kaka yake peke yake, inatuhusu sisi wazazi na kanisa. Tukiweza kuchanga kwa ajili ya harusi na msiba, tunaweza kuchanga ili mtoto wa pili arudi darasani. Ninaomba wazee wa kanisa walizungumze jambo hili katika kikao kijacho, tusiliache kuwa neno la gazeti tu.

Mungu wa Danieli na wa Hana awalinde vijana wetu njiani na masomoni, awape hekima na marafiki wema. Na sisi wazazi atupe mikono ya kutoa bila kudai. Amina.