Kompyuta ya Mtunzi na Swali la Israfu
Mtunzi wa kwaya hapa Chalinze, penye njia panda ya Morogoro na Tanga, anapoazimia kununua kompyuta ya kuandikia noti, dhamiri humuuliza kama ni halali kutumia sadaka ya waumini kwa ajili ya wepesi. Ama mimi naona israfu haimo katika bei, bali imo katika kununua kisichohitajiwa. Programu kama MuseScore, ipatikanayo bure, hupanga upya mistari kila noti inapohaririwa, na kazi hiyo huelemea zaidi kiini kimoja cha prosesa. Kwa hiyo wingi wa viini, ausifuo sana muuzaji, humfaa kidogo mwandishi wa sauti nne, ilhali kasi ya kila kiini humfaa mno. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 yamtosha, ila akitaka kusikiliza ala zilizorekodiwa za okestra nzima. Kweli, zamani nyimbo zilinakiliwa kwa mkono, wala ibada haikupungua. Lakini wakati nao ni amana ya Mola, na kuupoteza bila sababu si taqwa. Ndugu mtunzi, ijaribu mashine kwa wimbo wako mrefu kabla hujalipa, na fedha itakayosalia irudishe katika hazina ya kwaya.